Kongamano, tamasha au hitima? Mikutano ya Tolkien na jinsi inavyoendeshwa

Ratiba ya Oxonmoot, mkutano wa Oxford wa wasomaji wa J. R. R. Tolkien, mtunzi wa The Lord of the Rings, humchanganya anayeisoma mara ya kwanza. Asubuhi kuna mada kuhusu majina ya Kiingereza cha Kale. Mchana, pengine katika chumba hichohicho, watu wanafundishana kuandika kwa hati ya Waelfi, viumbe wa hadithi zake. Usiku kuna mashindano ya mavazi, na aliyetoa mada asubuhi anaweza kupanda jukwaani na ndevu za bandia zinazofika kiunoni. Jumapili watu wanakwenda makaburini kuweka shada la maua. Sasa hili ni kongamano, tamasha au hitima?

Ni vyote vitatu, na kwa makusudi. Mkanganyiko unatokea kwa sababu maneno “mkutano wa Tolkien” yanatumika kwa mambo matatu yasiyoendeshwa kwa kanuni moja. Ukitaka kujua umeingia lipi, usiangalie mavazi. Uliza nani anamlipa nani.

Aina ya kwanza ni kongamano la kitaaluma ambamo Tolkien ni uzi mmoja tu kati ya mingi. Kila Mei Chuo Kikuu cha Western Michigan, mjini Kalamazoo, hupokea wataalamu wa Zama za Kati kutoka nchi nyingi. Kila Julai mji wa Leeds, Uingereza, hufanya vivyo hivyo. Kote kuwili huwa kuna vikao vya Tolkien, na kikao cha kawaida ni cha dakika 90 chenye mada tatu za dakika 20 kila moja. Mtu anaweza kujiuliza mwandishi aliyefariki mwaka 1973 anatafuta nini kwa watu wa karne ya kumi. Alikuwa mwenzao. Alifundisha Leeds kuanzia 1920 hadi 1925, akawa profesa Oxford hadi 1959, na mhadhara wake wa 1936 juu ya Beowulf, shairi la Kiingereza cha Kale, uliwashawishi wasomi walisome shairi lile kama shairi, badala ya kulichimbachimba kama ghala la historia. Katika makongamano haya kila mtu hulipa ada ya usajili, mtoa mada akiwemo, na mwenye bahati hurudishiwa na chuo chake.

Aina ya pili, iliyo kinyume kabisa na hiyo, ni maonyesho ya kibiashara. Mwigizaji wa filamu anaitwa kwa mkataba unaomhakikishia kiasi fulani, watu wanapanga foleni kununua saini na picha, na kampuni inabaki na faida. Hakuna ubaya. Lakini usiende huko ukitarajia mjadala, maana muda wa mgeni unauzwa kwa dakika.

Katikati kuna mikutano ya vyama, na hii ndiyo inayostahili maelezo marefu. Tolkien Society ilianzishwa Uingereza mwaka 1969 na Vera Chapman, na leo imesajiliwa kama shirika la hisani. Tolkien mwenyewe alikubali kuwa rais wake wa heshima. Alipofariki, familia ilipendekeza abaki katika cheo hicho, kwa hiyo hadi leo chama kina rais ambaye ni marehemu. Oxonmoot ilianza 1974, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Jina limeunganishwa kutokana na Oxonia, Oxford kwa Kilatini, na neno la kale la Kiingereza lenye maana ya baraza. Marekani nako, Glen GoodKnight alianzisha Mythopoeic Society mwaka 1967 kwa ajili ya wasomaji wa Tolkien na waandishi wenzake C. S. Lewis na Charles Williams, na tangu 1970 chama hicho huitisha mkutano uitwao Mythcon. Mila moja ya Mythcon inaeleza kila kitu: kwa kawaida wageni wa heshima huwa wawili, mmoja msomi na mmoja mtunzi. Wageni hao hugharimiwa safari na malazi. Wengine wote hulipa kiingilio, mtoa mada sawa na msikilizaji, na waandaaji hujitolea bila mshahara.

Wapenzi wa Harry Potter walipita njia hiyo kwa kasi zaidi. Julai 2003 mkutano wa Nimbus mjini Orlando ulichanganya mada na shamrashamra chini ya paa moja. Mei 2012 Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kikaitisha kongamano la siku mbili la fasihi tupu, na mwaka huohuo Chestnut Hill College ya Philadelphia ikaanza lake. Watu wa Tolkien walikuwa na miongo mitatu zaidi ya kuzoeana, na ndiyo maana kwao mchanganyiko umekomaa.

Shabiki ni nani hapa?

Kwa Kiswahili neno shabiki linaleta picha ya Simba na Yanga, jezi na kelele. Shabiki tunayemzungumzia hapa ni yule anayenyoosha mkono baada ya mada na kumwambia profesa, kwa upole, kwamba tarehe aliyoitaja haipatani na jedwali la miaka lililo mwishoni mwa kitabu. Na mara nyingi huwa ni yeye aliye sahihi.

Hali hii ina sababu yake. Kwa miongo mingi idara za fasihi zilikuwa zikiona aibu kumfundisha Tolkien, kwa hiyo kazi ya msingi, kama kupanga tarehe, kulinganisha matoleo, kuandaa faharasa na kuchambua lugha alizobuni, ilifanywa na watu wenye ajira nyingine kabisa: wakutubi, wauza vitabu, wahandisi. Majarida ya vyama, Mallorn la Uingereza na Mythlore la Marekani, yalikuwa yakichapisha uchambuzi tangu miaka ya sabini na kabla. Jarida la kila mwaka lenye hadhi kamili ya kitaaluma, Tolkien Studies, lilitoka mara ya kwanza 2004. Mmoja wa waasisi wake watatu, Douglas A. Anderson, alikuwa amefanya kazi ya kuuza vitabu. Kwa hiyo profesa anayekuja Oxonmoot hashuki kuwatembelea washabiki. Yeye ndiye mgeni katika nyumba waliyoijenga wao.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Katika The Lord of the Rings, Frodo, mhusika mkuu, anamsalimu Mwelfi kwa maneno yenye maana ya “nyota inaangaza juu ya saa ya kukutana kwetu”. Neno la mwisho katika toleo la kwanza la 1954 lilikuwa omentielmo. Katika toleo la pili likawa omentielvo. Herufi moja tu, m ikawa v. Si kosa la uchapaji. Lugha hiyo, Quenya, moja ya lugha za Waelfi alizobuni Tolkien, ina zaidi ya “yetu” moja: ipo inayomhusisha unayesema naye na ipo inayomwacha nje, na tena inatofautisha watu wawili na wengi. Tolkien alikuwa akiendelea kuurekebisha mfumo wa viambishi hivyo, na kitabu kilichokwisha kuchapwa ikabidi kifuate. Mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa hoja hii haraka kwa sababu lugha yetu imelinyamazia jambo hilo: ukisema “kukutana kwetu”, kiambishi hakielezi kama wewe unayesikiliza umo au humo.

Herufi hiyo moja imewashughulisha watu kwa miaka. Tangu 2005 wanaisimu wa lugha hizi wana mkutano wao, wa kwanza ukifanyika Stockholm, na wameuita Omentielva, kutokana na neno hilohilo. Kila mkutano hupewa namba ya Quenya: Minya ni wa kwanza, Tatya wa pili, Nelya wa tatu. Anayeona kwamba huo ni mchezo wa watoto asome mada zao. Zimejaa fonolojia ya kihistoria inayomshinda mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Kalenda hufuata mabweni

Tarehe za mikutano hii huelezwa kwa sababu za kishairi. Kwa miaka mingi Oxonmoot ilipangwa karibu na 22 Septemba, siku ya kuzaliwa kwa Frodo na mlezi wake Bilbo. Ni kweli, lakini kuna sababu ya pili isiyo na ushairi wowote: muhula wa kwanza wa Oxford huanza Oktoba. Septemba vyumba vya wanafunzi viko wazi, jiko la chuo lina wapishi, na chuo kinataka fedha. Kalamazoo huja Mei muhula ukishafungwa, Leeds huja Julai. Ukiona mkutano wa aina hii umepangwa Novemba katikati ya muhula, tarajia hoteli, na hoteli maana yake ni gharama.

Hapo ndipo kamati changa huumia. Chuo hukodisha vyumba kwa bei ya bweni, kitanda chembamba na chai ya asubuhi. Hoteli ya Marekani hutoa kumbi kwa bei nafuu au bure, kwa sharti kwamba wahudhuriaji watajaza idadi fulani ya vyumba. Tuseme mmeahidi vyumba 100 kwa siku tatu, yaani malazi 300, na mkataba unadai angalau asilimia 80, ambayo ni 240. Watu wakija lakini wakalala kwa jamaa au katika hoteli ya bei chini ng’ambo ya barabara, mkauza 180, kuna pengo la 60. Kwa dola 120 kila moja, kamati inadaiwa dola 7,200 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Mkutano unaweza kujaa watu na bado ukafilisika. Dawa ni kuahidi vyumba vichache, kujadiliana asilimia kabla ya kusaini, na kuweka tarehe ya kupunguza idadi bila adhabu.

Ratiba nayo ni hesabu. Siku ya saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni ina saa nane. Toa saa moja ya chakula na mapumziko mawili ya nusu saa, zinabaki sita. Kila mada ikipewa dakika 45 (30 za kusoma, 10 za maswali, 5 za kubadilisha msemaji), mnapata nafasi nane kwa chumba. Vyumba viwili kwa siku mbili ni mada 32. Kamati ikikubali 40 kwa kuwaonea watu haya, dakika zile tano za kubadilisha ndizo hufa kwanza, na kufikia saa tisa alasiri vyumba viwili vinapishana kwa robo saa. Msikilizaji aliyetaka kuhama chumba kati ya mada na mada hawezi tena, na hasira yote inamwangukia mwenyekiti wa kikao.

Kuandika ikisiri inayokubaliwa

Mlango ni uleule kwa mhadhiri na kwa karani wa benki: ikisiri, yaani muhtasari wa mada unayotaka kutoa, kwa kawaida maneno 250 hadi 300, pamoja na wasifu mfupi. Kalamazoo hufunga mlango wa mapendekezo ya mada katikati ya Septemba kwa ajili ya Mei inayofuata. Leeds huhitaji pendekezo la mada moja ifikapo mwisho wa Agosti na la kikao kizima ifikapo mwisho wa Septemba. Mikutano ya vyama hutangaza tarehe zake yenyewe na huwa haisumbui sana, lakini kukataliwa kupo.

Kosa la kwanza ni upana. “Wema na uovu katika Tolkien” si mada, ni kozi. La pili ni kuleta kilichokwisha kusemwa. Mtu anagundua kwamba majina yanayotumiwa na watu wa Rohan, wapanda farasi wa riwaya hiyo, yamechukuliwa kutoka Kiingereza cha Kale, tena kwa lahaja ya Mercia, si ile ya Wessex inayofundishwa shuleni: jina la mchawi Saruman huanza na saru, ambapo Wessex wangeandika searu. Ugunduzi mzuri, ila msomi Tom Shippey alikwisha kuueleza mwaka 1982. Anayesoma ikisiri anajua hilo, na akiona jina la Shippey halimo anajua pia kwamba mwandishi hajasoma. Ukitaka kurudi kwenye jambo lililosemwa, litaje, kisha onyesha hatua moja zaidi.

La tatu ni filamu. Filamu za 2001 hadi 2003 zimewaleta wengi na hakuna anayezidharau, lakini zina matukio yake. Anayeandika kwamba Faramir alimburuta Frodo hadi Osgiliath amesimulia filamu. Kitabuni hakufanya hivyo. Kuchambua filamu kunaruhusiwa, mradi useme wazi kwamba ndicho unachochambua.

La nne ni gumu zaidi, na hata wazoefu huanguka hapo. Baada ya kifo cha Tolkien mwanawe Christopher alihariri rundo la rasimu, na kati ya 1983 na 1996 akatoa juzuu 12 za historia ya maandishi hayo. Tangu hapo sentensi “Tolkien anasema” haitoshi. Anasema lini? Asili ya Orki, viumbe waovu wa hadithi zake, kwa mfano, ameieleza kwa namna zisizopatana katika nyakati tofauti, na hakufikia uamuzi wa mwisho. Mada inayochota rasimu ya miaka ya thelathini na barua ya miaka ya hamsini kana kwamba ni ukurasa mmoja itabomolewa katika swali la kwanza.

Kuhusu marejeo, usitumie namba za kurasa peke yake. Riwaya imechapwa kwa juzuu tatu, kwa juzuu moja, kwa jalada gumu na laini, na kurasa hazilingani. Ndani yake ina vitabu sita, kwa hiyo wazoefu huandika kitabu na sura: VI.iii ni kitabu cha sita, sura ya tatu, na kila mtu ataipata katika nakala yake. Barua hutajwa kwa namba. Toleo lililopanuliwa la 2023 liliziacha namba za zamani zilivyo na kuziingiza barua mpya kwa kuongeza herufi, kwa hiyo marejeo ya zamani bado yanafanya kazi.

Ukishakubaliwa, hesabu maneno. Kusoma kwa sauti kwa utulivu, hasa kwa asiyezaliwa na Kiingereza, ni maneno 120 hivi kwa dakika. Dakika 20 ni maneno 2,400, na ukiwa na picha za kuonyesha shuka hadi 2,200. Aliyewahi kukaa katika kongamano la CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, au la Kiswahili kule Bayreuth, Ujerumani, anamjua mtoa mada anayefika na kurasa 15, akifikishiwa karatasi ya “dakika mbili” anaanza kuruka aya huku akiahidi kwamba hitimisho lilikuwa zuri sana. Oxford yupo pia.

Mambo yanayoharibika siku yenyewe

Kuna swali ambalo si swali. Msikilizaji anasimama, anaeleza nadharia yake kwa dakika nne, kisha anamalizia, “unaonaje?” Mwenyekiti mzuri hulizuia kabla halijazaliwa: anatangaza mapema kwamba kila swali ni sentensi mbili, na anaanza na mkono ulio nyuma kabisa ya chumba, si ule ulionyooshwa kabla mada haijaisha.

Sauti ndiyo maradhi ya mikutano mseto. Mwaka 2020 korona ilihamishia Oxonmoot mtandaoni, na baadaye chama hakikuwaacha waliozoea kuhudhuria wakiwa mbali. Msemaji husikika vizuri kwa sababu ana kipaza sauti. Wanaopotea ni wauliza maswali: chumba kinacheka, aliye mtandaoni hajui kwa nini. Ama kipaza sauti cha pili kizunguke, ama mwenyekiti arudie kila swali kabla halijajibiwa. Njia ya pili haigharimu kitu na bado husahaulika.

Silaha ni suala la kweli, si mzaha. Nchini Uingereza kubeba chuma chenye makali hadharani bila sababu halali ni kosa la jinai, na “mimi ni Aragorn” si sababu ambayo ungependa kumweleza polisi saa nne usiku. Beba upanga wa mbao au wa povu, tena ukiwa umefungwa ndani ya mfuko njiani. Na mpiga picha aombe ruhusa kwanza. Wapo wanaovaa kwa ajili ya ukumbi ule tu, na mwajiri wao hahitaji kuona.

Mengine huharibika kabla watu hawajafika. Tolkien Society ilipotangaza semina yake ya Julai 2021, ya bure na mtandaoni, kwa mada ya Tolkien na utofauti wa watu, ilishambuliwa vikali. Sehemu kubwa ya mashambulizi ilihusu vichwa vya mada, kabla mada zenyewe hazijasomwa na mtu. Iwe unaunga mkono au unapinga, somo kwa mtoa mada ni la kiutendaji: kichwa husafiri peke yake, bila maelezo yako. Kiandike kama kitu kitakachosomwa na mtu asiyekupenda.

Majina yana wenyewe

Hapa wengi huchanganya haki mbili. Hakimiliki ya maandishi iko kwa Tolkien Estate, yaani upande wa familia, na kwa sheria ya Uingereza hudumu miaka 70 baada ya kifo, hadi mwisho wa 2043. Alama za biashara za majina kama Hobbit, pamoja na haki za filamu na bidhaa, ziko kwa Middle-earth Enterprises, kampuni ambayo Embracer Group iliinunua 2022. Chanzo ni Tolkien mwenyewe, aliyeuza haki za filamu 1969.

Kwa hiyo kunukuu mistari mitatu ndani ya mada na kuichambua hakuleti taabu. Kuchapa fulana zenye jina la mhusika na kuziuza mlangoni ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2012 baa moja ya Southampton iliyokuwa ikiitwa The Hobbit kwa miaka mingi ilitishiwa mashtaka, habari ikazunguka dunia. Upande wa Harry Potter, mwaka 2018 Warner Bros. iliwaandikia waandaaji wa matamasha ya mitaani sehemu mbalimbali za Marekani, ikiwazuia kutumia majina ya wahusika, mahali na vitu vya hadithi kibiashara. Ndiyo sababu mikutano mingi huitwa kwa maneno ya pembeni na huandika kwa herufi za kuonekana kwamba si rasmi. Ukianzisha wako, anza na jina lisilo la mtu, na nembo uliyochora mwenyewe.

Makala zinakwenda wapi

Anayehitaji chapisho kwa ajili ya kupanda cheo asitegemee kumbukumbu za mkutano. Agosti 1992, miaka mia moja tangu Tolkien azaliwe, vyama vyote viwili viliungana katika Keble College, Oxford, kwa wiki nzima. Mythcon na Oxonmoot za mwaka huo zikawa kitu kimoja. Kitabu cha mada kilitoka 1995. Mkutano wa Birmingham wa 2005 ulitoa juzuu zake mbili 2008. Ule wa Loughborough wa 2012 ulisubiri hadi 2016. Si uzembe. Wahariri ni wa kujitolea, watoa mada nusu hawaleti maandishi, na waliobaki huleta maneno 2,400 ya kusomwa kwa sauti ambayo lazima yageuzwe makala yenye tanbihi. Mwenye haraka aiboreshe mada yake mara tu anaporudi nyumbani, aipeleke kwenye jarida, huku akiwajulisha waandaaji ili isichapwe mara mbili.

Aliye Afrika Mashariki ana njia mbili za kushiriki. Ya kwanza ni kwenda. Viza ya kawaida ya mgeni ya Uingereza inaruhusu kuhudhuria kongamano, lakini ombi halipokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, kwa hiyo barua ya mwaliko iwe mkononi kufikia Juni kwa mkutano wa Septemba. Ya pili ni kukaa nyumbani na kufungua kompyuta, ambapo saa ndizo huwakosesha watu. Septemba Oxford iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili: kikao cha saa nne asubuhi yao ni saa sita mchana yetu. Mei Kalamazoo iko nyuma kwa saa saba, kwa hiyo saa nne yao ya asubuhi ni saa kumi na moja jioni, na vikao vyao vya alasiri vinakukuta usiku. Walio Bukavu, Bujumbura au Kigali watoe saa moja katika hesabu hizi.

Lile la makaburini mtu hawezi kulipata kwenye skrini vilevile. Jumapili ya Oxonmoot, katika makaburi ya Wolvercote kaskazini mwa Oxford, husomwa kipande kifupi na kuwekwa shada juu ya jiwe moja la kijivu lenye majina mawili: Edith Mary Tolkien, 1889–1971, na chini ya jina lake Lúthien; kisha John Ronald Reuel Tolkien, 1892–1973, na chini yake Beren, majina ya wapenzi wawili katika hadithi zake. Hiyo ndiyo sherehe yote, nayo huitwa kwa neno la Quenya la ukumbusho, Enyalië.

Ipo shughuli moja isiyohitaji viza, tiketi wala ikisiri. Tarehe 3 Januari, siku aliyozaliwa huko Bloemfontein, saa tatu usiku kwa saa za mahali ulipo, unasimama, unainua glasi, unasema “Profesa”, unakunywa funda moja. Tarehe tatu, saa tatu: kwa saa za Kiswahili haisahauliki. Kinywaji chochote kinafaa, hata chai ya tangawizi.